Chetezo cha Mfalme Uzia



Katika nyumba nyingi za Wakristu Biblia imo, lakini Vitabu vya Mambo ya Nyakati havifunguliwi mara nyingi. Watu husema vimejaa majina ya mababu na hesabu za askari, nao huvipita upesi mpaka wafike Zaburi. Juma hili twawaomba baba na mama wa nyumba wafungue Kitabu cha Pili, sura ya 26, wawasomee watoto wao baada ya chakula cha jioni. Sura yenyewe ni fupi. Mna habari ya mfalme mwema aliyeharibikiwa, nayo yawafaa wenye kutawala na wenye kutawaliwa pia.

Twasema mfalme mwema, wala hatukosei. Tunapozungumza juu ya kiburi cha wakubwa, mawazo yetu hukimbilia kwa Farao, au kwa Nebukadneza aliyetembea juu ya jumba lake la Babeli akijisifia mji alioujenga, kisha akaondolewa akili, akala majani kama ng'ombe. Habari hizo zatisha, lakini zina udhaifu mmoja: kila mtawala azisomaye hujiambia moyoni kwamba yeye si mtu wa namna ile. Mbele ya Uzia hana njia ya kuponyoka.

Uzia alikuwa kijana wa miaka 16 baba yake Amazia alipouawa na watu wa njama, na watu wa Yuda wakamfanya yeye kuwa mfalme. Akatawala Yerusalemu miaka 52, katika karne ya nane kabla ya Kristu. Alikuwa naye mtu mmoja, Zakaria, aliyemfundisha kumcha Mungu, na siku zote alizomtafuta Mungu kazi zake zilisitawi. Aliijenga tena bandari ya Elati penye Bahari ya Shamu. Alibomoa kuta za miji ya Wafilisti. Alijenga minara katika Yerusalemu na nyikani, akachimba visima vingi kwa ajili ya mifugo yake, akaweka wakulima na watunza mizabibu, kwa kuwa aliipenda ardhi. Jeshi lake lilihesabiwa watu 307,500, na juu ya kuta za mji mafundi wake waliweka mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Sifa zake zilifika hata Misri.

Nani kati yetu asingependa kutawaliwa na mtu wa namna hii? Maji yapo, mipaka ni salama, bandari inafanya kazi, na mwenyewe anapenda jembe. Laiti habari ingekoma hapo, Uzia angehesabiwa katika wafalme bora wa ukoo wa Daudi.

Lakini mwandishi mtakatifu aendelea, wala hatafuti sababu nyingine ya anguko lake ila nguvu zake mwenyewe. Hataji mwanamke, wala rushwa, wala adui wa kigeni. Mfalme alisaidiwa sana, kisha akasahau kwamba alisaidiwa. Visima vile vilichimbwa na mikono ya watu wengi, mitambo ile iliundwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa, na mvua ililetwa na Mungu. Hata hivyo mtu akisikia asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, kwamba hivi ni visima vya Uzia na hii ni minara ya Uzia, mwishowe huamini.

Ndipo siku moja akatwaa chetezo, akaingia hekaluni ili afukize uvumba penye altare. Katika Sheria ya Musa kazi hiyo walipewa wana wa Haruni peke yao. Pengine msomaji atauliza: Ni kosa gani hilo, mtu kumfukizia Mungu uvumba? Hakuiba, hakuua. Ni kweli, kwa nje lilikuwa tendo la ibada. Lakini fikirini: katika ufalme wote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mfalme aliambiwa, "Mwisho wako ni hapa," na hapo ndipo alipopatamani. Kiburi cha mtawala hakishibi kwa vile kilivyopewa. Hutazama kile kimoja kilichokatazwa. Kwa Ahabu kilikuwa shamba la mizabibu la Nabothi, jirani yake. Kwa mwingine ni hukumu ya mahakama, au uwanja wa mjane, au muda wa utawala uliowekwa na sheria. Na mara nyingi, kama Uzia, huliendea jambo hilo akiwa na uvumba mkononi, akisema kwamba afanya kwa utukufu wa Mungu na kwa faida ya watu.

Kuhani Azaria akaingia nyuma yake pamoja na makuhani 80. Maandiko yawaita mashujaa, na kwa haki. Kule nje mfalme alikuwa na jeshi lake lote. Wao hatusomi kwamba walikuwa na upanga wala mkuki. Wakasimama mbele yake wakamwambia kwamba kazi hiyo si yake, atoke mahali patakatifu. Uzia akaghadhibika, chetezo kingali mkononi. Hapo ukoma ukamtokea katika kipaji cha uso, makuhani wote wakitazama. Wakamharakisha kutoka, naye mwenyewe alikwisha kuona haraka ya kuondoka. Toka siku ile akakaa katika nyumba ya peke yake mpaka kufa kwake, naye mwanawe Yothamu akawaamua watu wa nchi.

Angalieni, ndugu, mpango wa mambo. Kabla ya ukoma yalikuja maneno. Mungu hakumpiga Uzia alipovuka kizingiti. Alimtumia kwanza watu wa kumwonya, na mlango ulikuwa wazi. Angaliweka chini chetezo, angalirudi nyumbani kwake na aibu kidogo, labda na kicheko cha watumishi, na siku ya pili angaliendelea na visima vyake. Hasira ya kuambiwa ndiyo iliyomwangamiza. Daudi alitenda dhambi kubwa kuliko hiyo, alipomtwaa mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani; lakini nabii Nathani alipomjia, alikiri kosa lake papo hapo.

Kanisa limeona aina zote mbili. Mwaka 390 Kaisari Teodosi, mwenye enzi ya Roma, aliamuru kwa hasira watu wa Tesalonike wauawe kwa sababu ya fujo iliyotokea mjini mwao. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alimwandikia barua, akamwambia kwamba hawezi kutolea Sadaka Takatifu mbele yake mpaka afanye toba. Kaisari aliweka kando mapambo ya ufalme, akalia kanisani mbele ya watu. Alipokufa mwaka 395, Ambrosi yule yule alihubiri penye mazishi yake, akamsifu kwa toba hiyo.

Na katika nchi hizi zetu za Maziwa Makuu, mwishoni mwa mwaka 1885, Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana katika nyumba ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Kabaka alikuwa ameamuru auawe James Hannington, askofu wa Kianglikana aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya Busoga. Mukasa, Mkatoliki, alimwambia bwana wake wazi kwamba amefanya vibaya kumwua mgeni huyo. Alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba, na mapokeo yasema kwamba kabla ya kufa alimpelekea Kabaka habari kuwa amemsamehe, lakini atubu. Juni 3, 1886, Karoli Lwanga, aliyeshika kazi ya Mukasa, alichomwa moto Namugongo pamoja na wenzake. Mwanga naye alipinduliwa mwaka 1888, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka 1899 Waingereza wakampeleka uhamishoni visiwa vya Seychelles, alikofia mwaka 1903. Huko uhamishoni alibatizwa na Waanglikana, akapewa jina la Danieli: jina la nabii yule aliyemweleza Nebukadneza ndoto ya mti uliokatwa. Sisi hatuwezi kuipima roho ya mtu; twapenda kutumaini kwamba maombi ya Mukasa hayakupotea.

Sasa wako watakaosema kwamba habari kama hizi zafundisha watu kuwadharau wakubwa. Sivyo. Mtume Paulo aliwaagiza Wakristu kuwaombea wafalme na wote wenye mamlaka, nasi twafanya hivyo katika sala za waamini. Lakini hatupaswi kuwasifu kwa uongo, na hapo ndipo tulipo na hatia sisi raia. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode Agripa aliketi katika kiti chake amevaa mavazi ya kifalme, akatoa hotuba, na watu wakapiga kelele kwamba ile ni sauti ya mungu. Watu hao walikuwa nani? Walikuwa wa Tiro na Sidoni, waliokosana na mfalme, na chakula chao kilitoka katika nchi yake. Basi hawakushangilia kwa kuwa waliamini. Walishangilia kwa sababu ya tumbo. Mfalme akapokea sifa ile, akapigwa, akaliwa na wadudu. Luka Mtakatifu hasemi lolote juu ya yaliyowapata waliopiga kelele, lakini twadhani kila mmoja wao alikuwa na jambo la kusema katika maungamo, kama angalikuwa Mkristu.

Nasi mara ngapi tumeshangilia kwa sababu ya tumbo? Mkubwa akija kijijini, twamwimbia kana kwamba barabara ameijenga kwa fedha ya mfukoni mwake. Akikosea, twanong'ona nyumbani mlango ukiwa umefungwa, na kesho yake twamwambia kwamba ametenda vema kuliko wote waliomtangulia. Kisha twashangaa moyo wake ukiinuka! Wala sisi tulio katika kazi za Kanisa tusijifiche nyuma ya wale makuhani 80. Wako wenyeviti wa parokia, na hata mapadre, wasioweza kuvumilia neno la katekista mzee.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 17, yataka mfalme achaguliwe kati ya ndugu zake, asijiongezee farasi, wake, wala fedha na dhahabu, na awe na nakala ya Sheria aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usije ukawa juu ya ndugu zake. Neno ni ndugu. Anapokaa kitini bado ni ndugu yao, na ndugu huambiwa.

Uzia alipokufa walimzika katika konde lililokuwa la wafalme, kwa sababu walisema ni mwenye ukoma. Mwaka ule ule, katika njozi, nabii Isaya alimwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi, na hekalu limejaa moshi, na Maserafi wakiimbiana utakatifu wake. Isaya hakujiona anastahili kuwapo. Alilia kwamba midomo yake ni michafu, na Serafi mmoja akamgusa midomo kwa kaa la moto kutoka altareni. Wimbo ule wa Maserafi ndio tunaouimba katika kila Misa, kabla ya Mageuzo, mkubwa na mdogo wakisimama pamoja.