Watumishi Tusiowatuma

Je, mtu anawajibika kwa jambo asiloliagiza, lakini linatendeka kwa jina lake? Swali hili ni la zamani, ila vijana wanaoandika programu za kompyuta hukutana nalo upya kila wanapotafuta kasoro katika kazi zao.

Chukua mwanafunzi aliyeandika programu ndogo ya kufungua dirisha moja, kwa lugha ya Java iliyotolewa mwaka 1995. Yeye anadhani ameagiza kazi moja tu. Akiisimamisha ili aikague, anaonyeshwa orodha ya nyuzi kadhaa, yaani mifululizo ya kazi inayokwenda sambamba. Mmoja hupokea mibofyo ya kipanya na kuchora dirisha. Mwingine hushughulikia vitu vilivyokwisha matumizi. Mwingine hupokea ishara za mfumo wa mashine. Hakuunda hata mmoja. Wengi hushtuka, wakazitupia nyuzi hizo lawama ya kosa lililo katika mistari yao wenyewe.

Huku Kyela tunao mfano. Mto Songwe hushuka kutoka milimani ukileta udongo wa rutuba uwandani. Mkulima wa Njisi hutazama shamba akasema, "Mpunga wangu." Ni kweli, amelima; lakini mto ulifanya kazi hata alipolala. Mto huohuo hufurika, ukahama njia na kula mashamba. Hakuutuma, lakini anayelima kando yake hana budi kujifunza tabia zake.

Hapo naona jibu. Hatuwajibiki kwa kuwa tuliagiza kila kitu, bali kwa kuwa tumekubali kunufaika. Mkuu wa chuo anayesifiwa kwa matokeo ya mtihani ana deni kwa mpishi awashaye moto alfajiri. Na chakula kikiharibika, hawezi kujitetea kwamba hakuwepo jikoni.

Java ina utaratibu mmoja unaofikirisha. Nyuzi zilizowekwa kuwa za utumishi hazisubiriwi: nyingine zote zikimaliza, programu hufungwa, hata kama mtumishi yu katikati ya kazi. Kwa mashine ni utaratibu mzuri. Kwa binadamu ni dhuluma.

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga. Basi tusianze kwa kulaumu wala kuzima tusichokielewa. Tuulize kwanza: huyu anafanya kazi gani, nasi tumekula nini kutoka mkononi mwake?