Kurudi Peke Yako Katika Nchi Uliyokwisha Kuiona



Swali limetufikia kutoka Chanji, katika mji wa Sumbawanga, nalo limetukalisha muda mrefu kuliko tulivyodhania. Kijana mmoja wa usharika alipelekwa Japani pamoja na wenzake kwa mafunzo ya kazi yao. Wakakaa siku ishirini. Wakapandishwa katika basi, mbele yao akaenda mtu mwenye kibendera; wakaonyeshwa Tokyo, wakaonyeshwa Kyoto, wakafikishwa Hiroshima wakasimama kimya, wakapiga picha, wakarudi kwao. Sasa, baada ya kuweka akiba miaka kadhaa, ataka kurudi huko peke yake, kwa fedha yake mwenyewe, bila kutumwa na mtu, ili aizunguke miji ile kwa miguu. Mjomba wake amemwambia, "Umekwisha kuiona. Kumebaki nini?" Wazee nao wasema kwamba fedha ile yatosha kununua maksai wawili na plau. Katekista wao ndiye aliyetuandikia, akiuliza kama safari ya namna hii ni halali kwa Mkristo.

Wako watakaojibu upesi kwamba kutembea kwa kutazama tu ni uvivu wa wenye mali, na kwamba mtu mwenye akili husafiri kwa kazi, kwa ugonjwa au kwa msiba. Hoja hiyo twaijua, maana ndivyo walivyosafiri wazazi wetu. Walakini tukifungua Matendo ya Mitume, sura ya 15, twamwona Paulo akimtaka Barnaba warudi pamoja kuwaangalia ndugu katika kila mji walikohubiri, wapate kujua hali zao. Hakusema kwamba amekwisha kuwaona. (Safari hiyo ilianza kwa ugomvi, hata wawili hao wakaachana, wapangao safari za pamoja hawatashangaa.) Tena katika sura ya 17 twamkuta Athene, naye yu peke yake, akiwangoja Sila na Timotheo. Afanya nini? Atembea mjini akitazama. Apita mahali pa ibada ya watu wasiomjua Mungu wake, aangalia madhabahu zao, asoma maandishi yaliyo juu yake. Roho yake yachukizwa na sanamu, lakini macho yake hayafumbi. Na alipopewa nafasi ya kusema mbele ya wenye elimu wa mji ule, alianza na jambo aliloliona katika kutembea kwake, ndiyo madhabahu ya mungu asiyejulikana. Kama angalijifungia chumbani mpaka wenzake wafike, hotuba ile isingalikuwako. Basi amwogopeaye kijana wetu kwa kuwa Kyoto ina mahekalu ya Kibudha na ya Kishinto zaidi ya elfu moja, na aisome sura hiyo tena.

Lakini Paulo alikuwa na Injili ya kupeleka, na kijana wetu hakutumwa. Hapa swali lawa gumu, nasi twaomba ruhusa ya kulitazama kwa upande mwingine. Tumeambiwa kwamba tangu aliporudi safari ya kwanza, yeye ndiye mwalimu wa mambo ya Japani huko Chanji. Vijana walimwita katika mkutano wao, akawaeleza: Wajapani hawachelewi, hawaibi, hawacheki, tena hawana dini. Watu wakaandika katika daftari zao. Sasa, Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, naye Luther, katika maelezo ya Katekisimo Ndogo, ataka tumtetee jirani, tumnene vema, na kuyachukua mambo yake kwa maana iliyo njema. Amri hii twaikumbuka tunaposengenyana ukuta kwa ukuta. Ni mara chache tunapofikiri kwamba taifa zima nalo ni jirani, na ya kuwa mtu aliyelitazama siku ishirini kwa dirisha la basi, kisha akasema "wako hivi", ametoa ushahidi juu ya mambo aliyoonyeshwa tu. Hakusema uongo kwa kukusudia. Lakini mbele ya baraza, shahidi wa namna hiyo angeulizwa maswali mawili tu, akanyamaza.

Luther mwenyewe alikaa Roma majuma machache tu, kati ya mwaka 1510 na 1511, wala hakurudi tena. Nasi Walutheri tumeyasimulia aliyoyaona huko kwa miaka mia tano.

Wafipa wana hadithi ya kale ya jambo hili. Wazee husimulia kwamba huko Milansi palikuwa na mtemi wa watu wafuao chuma. Siku moja alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakatokea wanawake watatu wageni, watembeao kutoka mbali. Wakaketi katika kiti cha enzi. Mtemi aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kuwa yao, naye akabaki na Milansi yake na heshima yake ya kale. Wenye elimu wameieleza hadithi hii kwa njia nyingi, kuwa ni habari ya ukoo mpya wa watawala na ukoo wa zamani. Sisi twaona ndani yake pia habari ya msafiri yeyote. Mwenyeji hayupo, mgeni aketi katika kiti chake, na kuanzia hapo mgeni ndiye asemaye nchi hiyo ikoje.

Tena yako mambo ambayo jicho la mara moja haliwezi kuyaona hata likiwa jicho jema. Mgeni apitaye barabara ya Tunduma mpaka Sumbawanga mwisho wa masika huona mashamba yenye matuta ya duara, moja kando ya jingine, akadhani ni vichuguu au desturi tu ya Wafipa. Ni ntumba. Ndani yake majani yamefukiwa yaoze, na juu yake hupandwa maharage. Mvua za mwaka wa pili zikija, matuta yale hutawanywa, na ile mbolea ikapokea mbegu nyingine. Aliyepita mara moja ameona vilima. Arudiye mwaka wa pili aona kilimo. Japani nako kuna jambo kama hilo. Huko Ise hekalu lao kuu hujengwa upya kila miaka 20, kwenye kiwanja kilicho kando ya kile cha kwanza, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Apitaye mara moja aona mbao mpya, akaambiwa kwamba nyumba hii ni ya kale sana, akacheka moyoni.

Lakini mji tungependa kumpeleka zaidi kijana wetu ni Nagasaki, ambao basi lake halikuupitia. Katika mji huo waliuawa Wakristo 26 mwaka 1597, wakiwa wametundikwa misalabani, na mwaka 1614 dini ya Kikristo ikapigwa marufuku katika Japani yote. Watu wakaamriwa kuikanyaga sanamu ya Bwana wetu ili ijulikane kwamba si Wakristo. Tangu mwaka 1641 wageni wa Ulaya walioruhusiwa kukaa Nagasaki walikuwa wafanya biashara wa Uholanzi peke yao, wamefungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima. Waholanzi wale walikuwapo zaidi ya miaka mia mbili, na katika kijiji cha Urakami, karibu kabisa nao, walikuwapo Wakristo waliobatiza watoto wao kwa siri na kufundishana sala, kizazi baada ya kizazi, bila padre hata mmoja. Mwaka 1865 mapadre wa Kifaransa waliliweka wakfu kanisa la Oura, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Siku ya 17 Machi watu wachache wa Urakami wakaingia kama watu waliokuja kutazama jengo tu. Mwanamke mmoja akamsogelea padre Petitjean, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mioyo yao na moyo wake ni mmoja.

Tuwafikirie Waholanzi wale. Hawakuwa wapumbavu, wala hawakuwa wageni wa siku ishirini. Basi kurudi si dawa yenyewe, wala kukaa sana si dawa. Jambo lililofichwa lilionekana siku wenyewe walipotaka kulionyesha, nao walilionyesha kwa mtu mmoja, aliyesimama peke yake katika kanisa lake, ambaye walidhani yamkini atawasikia. Na iliwagharimu. Kati ya mwaka 1868 na 1873 watu wa Urakami zaidi ya elfu tatu walihamishwa kwa nguvu, wakatawanywa katika nchi yote, na mamia wakafa huko. Waliosalia walirudi kwao marufuku ilipoondolewa, nao uhamisho wao wakauita "safari", neno lilelile tunalolitumia kwa matembezi yetu. Wakajenga kanisa kubwa Urakami, likawekwa wakfu mwaka 1914. Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la Waamerika likapasuka karibu nalo, likaliangusha pamoja na waumini wengi sana. Hivi leo limejengwa tena, na kipande cha ukuta wa zamani kimesimamishwa karibu na mahali bomu lilipopasukia. Kijana aliyewaambia vijana wa Chanji kwamba Wajapani hawana dini angefanya vema kusimama mbele ya ukuta huo bila kibendera mbele yake.

Na kwa nini peke yake? Kwa sababu watu ishirini wasafirio pamoja huichukua Sumbawanga yao mpaka Tokyo. Wacheka wao kwa wao, wala hawana haja na mtu. Aliye peke yake akipotea njia sharti aulize. Akiona njaa sharti aonyeshe kwa kidole kama mtoto. Akikosa treni sharti akae kituoni na wengine waliokosa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa basi huondoka siku ya pili jioni, na jembe halijui. Hatusemi kwamba kila aendaye peke yake hupewa jembe. Wako watembeao peke yao ili wasisumbuliwe na mtu, nao warudi na picha tu za majengo.

Watanzania wengi wamkumbuka Juma Ikangaa, aliyeshindwa na Toshihiko Seko kwa sekunde tatu katika mbio za Fukuoka mwaka 1983, akarudi huko mwaka 1986 akashinda. Hakuna aliyemwuliza kwa nini amerudi. Arudiye kushinda hueleweka na watu wote. Arudiye kujua ndiye atakiwaye kujieleza.

Sasa habari ya fedha. Kama paa la mama yake lavuja, Japani na ingoje. Bwana wetu aliwakemea wazi wale waliotumia neno la korbani ili wasiwasaidie wazazi wao, na hatudhani kwamba neno la utalii lingempendeza zaidi. Lakini habari ya maksai twaisikia kwa masikio mengine. Kijana angalinunua pikipiki ya kujivunia au kinanda cha kupiga kelele usiku kucha, wazee wasingalituandikia. Tena twawauliza wazee hao kwa upole: ni mara ngapi wameshuka kutoka uwandani mpaka bonde la Rukwa, mwendo wa siku moja tu, wakakaa na wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng'ombe wao, kabla ya kusema barazani Wasukuma wakoje? Katekista na aliweke swali hilo mbele yao kwanza. Safari hiyo haina nauli ya ndege.

Kijana akienda, twamshauri asikose Jumapili moja katika kisiwa cha Kyushu. Ibada ya kwanza ya Kilutheri katika Japani ilifanyika huko Saga, siku ya Pasaka ya mwaka 1893, na Walutheri wako huko hata leo, na Kumamoto pia. Wakristo wote wa Japani hawafiki wawili katika watu mia, na sisi Walutheri wa Ufipa, tulio wachache katika nchi ya wamisionari Wakatoliki waliofika Karema mwaka 1885, twajua kidogo jinsi benchi tupu zilivyo. Asiketi nyuma. Baada ya ibada huenda wakamwalika chai, wakamwuliza kwao ni wapi, na watu wa kwao wakoje. Atakuwa peke yake, hana mwenzake wa kumsaidia kujibu, nao watamsikiliza, na pengine mmoja wao ataandika katika daftari.