Ole wenu wa kando ya mto

Ole wenu mnaoosha bomba la dawa kijitoni, kisha mkashuka hatua ishirini kuteka maji ya chai! Ole wenu mliofyeka matete hadi ukingoni mkapanda mahindi, mizizi ikiogelea! Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mnaijua, na jembe mmelipitisha juu yake.

Mkikanywa mnajibu, "Mbona kerengende bado wamejaa?" Mnamnyooshea kidole yule wa rangi ya dhahabu anayetanda uwanjani vuli ikianza. Naam, huyo amejaa. Ni Pantala flavescens, na orodha ya IUCN haimhesabu miongoni mwa walio hatarini. Lakini huyo ni msafiri! Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewafuatilia akiwa Maldives, alieleza mwaka 2009 jinsi wanavyotoka upande wa India, wakavuka bahari na kufika kwetu wakibebwa na upepo, kama majahazi ya kaskazi. Hutaga hata katika dimbwi la mvua la wiki chache, na wana wao huwahi kuota mabawa kabla halijakauka. Mto wako haumhusu. Mpita njia hawezi kukutolea ushahidi wa nyumba uliyoibomoa.

Shahidi yuko Amani, Usambara Mashariki. Huko anaishi jamaa mwembamba wa msafiri huyo, Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina hilo mwaka 1962. Dunia nzima hajulikani kwingine ila kwenye vijito vya msitu wa huko, na IUCN imemwandika katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Huyo hana kaskazi ya kumbeba. Kijito kikivuliwa kivuli, maji yakijaa tope, safari yake imeishia hapo.

Nami sijitoi. Utotoni niliwafunga kerengende uzi mkiani, nikacheka wakizunguka, wala hakuna mkubwa aliyenikemea.

Wana wa kerengende hukulia majini, wakila viluwiluwi vya mbu. Mnawaua kwa sumu ya bomba, kisha jioni mnapanga foleni dukani kununua dawa ya mbu, mkinung'unikia bei!

Mahindi ya ukingoni yavuneni msimu huu, msiyarudie. Bomba lioshewe shambani, mbali na maji. Nawe mwenyekiti wa kitongoji, uliyepokea debe la mahindi hayo ukanyamaza, umo.