Yesu Hakuruka

Somo: Mathayo 4:5-7, Marko 6:21-28, Waefeso 4:17-19

Ujumbe wa wiki hii ni wa wazazi na vijana pamoja. Kwa hivyo mzazi, usimtupie kijana kijarida hiki na kumwambia, "Soma, hii ni yako." Keti naye msome.

Kuna mchezo unaozunguka kwa simu za watoto wetu. Si mpya. Ulionekana kwenye video za mtandao huko Marekani zaidi ya miaka kumi iliyopita, ukatulia, ukarudi, na kila ukirudi unakuta kundi jipya la watoto ambao hawakuuona mara ya kwanza. Wanauita chalenji ya chumvi na barafu. Mtoto anajiwekea chumvi ya jikoni kwenye ngozi, anagandamiza barafu juu yake, na rafiki yake anashika simu anarekodi. Anayevumilia zaidi ndiye shujaa. Anayetoa barafu anaitwa mwoga.

Najua kuna mzazi anacheka hapo alipo. Chumvi na barafu zitamfanya mtu nini? Ndiyo maana kwenye kesha ya vijana niliweka sufuria mbili mezani, zote zimejaa barafu iliyopondwa. Moja nikaiacha hivyo, nyingine nikaichanganya na chumvi. Ya kwanza kipimajoto kilikaa pale karibu na sifuri. Ya pili kilishuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, na nje ya sufuria kukaanza kutanda ukungu mweupe wa barafu kama ule wa ndani ya friza. Vijana walinyamaza, na nyinyi mnawajua vijana wa kanisa hili.

Si muujiza. Chumvi inalazimisha barafu kuyeyuka hata ikiwa chini ya sifuri, na barafu haiwezi kuyeyuka bila kupata joto mahali. Italichukua kwa kitu kilicho karibu nayo. Zamani, kabla ya friji za umeme, watengenezaji wa aiskrimu walizungushia ndoo yao barafu na chumvi ili maziwa ya ndani yagande. Mchanganyiko huo unaweza kufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Sasa badala ya ndoo weka mkono wa mtoto, wenye joto la mwili la nyuzi 37. Maji yaliyo ndani ya ngozi yanaganda, mishipa midogo inajifunga, damu haifiki. Kidonda kinachotokea kinafanana na cha moto: ngozi nyekundu, malengelenge, na kikiingia ndani sana nyama inakufa, inageuka nyeusi, na daktari anaweza kulazimika kutoa ngozi paja ili azibe mahali pale.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki. Mwanzoni barafu inauma sana. Halafu maumivu yanapungua. Mtoto anaambiana na wenzake, "Nimezoea, sasa haiumi." Hajazoea chochote. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, na huo ndio wakati baridi inaendelea kula ndani bila mtu kupiga kengele. Kwa huu mchezo, kutosikia uchungu ni dalili mbaya kuliko kuusikia.

Hebu fungua Waefeso 4:19. Paulo anapowaeleza watu waliojitupa katika uchafu, Biblia yetu ya Kiswahili inasema wamekufa ganzi. Hawa watu walisikia uchungu mwanzoni. Dhamiri iliuma, wakakaza meno, ikaacha kuuma, wakadhani wamekomaa. Kijana, kuna video ulizotazama mwaka jana ukaona aibu, na mwaka huu huoni kitu. Usiseme umekua.

Turudi kwa ngozi. Mwaka wa 2012 katika mji wa Pittsburgh kule Marekani, mvulana wa miaka 12 aliungua mgongoni kwa mchezo huu, na alama iliyobaki ilikuwa na umbo la msalaba. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga simu kwa muda. Uingereza nako shirika la kulinda watoto la NSPCC lilitoa onyo kwa wazazi. Na huko huko wakaja na nyingine, ya spreyi ya kwapa: wanaishika karibu kabisa na ngozi na kubonyeza bila kuachilia. Ndani ya mkebe ule kuna gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji. Ikitoka inageuka kuwa mvuke papo hapo, na inanyonya joto la ngozi vile vile. Hii mimi inanipa wasiwasi zaidi, kwa sababu barafu inataka friji na si kila nyumba ina friji, lakini spreyi iko kwa sanduku la kila mwanafunzi wa bweni.

Sasa, kwa nini mtoto mwenye akili timamu, ambaye juzi alikuwa anaogopa sindano, akubali kujiunguza? Mathayo 4 ina jibu. Ibilisi alikuwa na Yesu jangwani. Jangwa la Yuda lina magenge marefu. Kama shida ilikuwa mahali pa kurukia, angeruka pale pale. Lakini anamtoa jangwani, anampeleka mpaka mji mtakatifu, anampandisha kwenye kinara cha hekalu. Kwa nini mjini? Mimi naona ni kwa sababu mjini kuna watazamaji. Na anaanza na neno moja ambalo kila mtoto wa shule analijua: "Kama." Kama wewe ni Mwana wa Mungu. Kama wewe ni mwanaume. Kama wewe si mwoga. Halafu anaongeza andiko la Zaburi, ili ionekane kwamba kukataa ni kukosa imani.

Yesu hakuruka. Alimjibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwamba Bwana Mungu hajaribiwi, akabaki amesimama kwa miguu yake. Na walipomrudia na "kama" ile ile msalabani, kwamba ashuke waone, hakushuka.

Angalia alikotoka lakini. Sura ya 3, pale Yordani, kabla ya jaribu lolote, Baba alikuwa ameshasema huyu ni Mwanangu na ninapendezwa naye. Mtu aliyeshaambiwa hivyo hana haja ya kuthibitisha kitu kwa kuruka. Mzazi, hapo ndipo napenda tukae kidogo. Mtoto ambaye nyumbani anaitwa jina lake tu akitumwa dukani au akigombezwa, atalitafuta neno la kupendezwa mahali pengine, na wale wa simu wako tayari kumpa, bei yake ni ngozi.

Herode yeye alifanya kinyume. Marko anasema alihuzunika, hakutaka kumwua Yohana. Ila kulikuwa na kiapo, na kulikuwa na wale walioketi naye karamuni. Mfalme mzima akashindwa kusema hapana kwa sababu ya macho ya wageni, na kichwa cha nabii kikaletwa kwa sinia. Kama mfalme alishindwa, usishangae mtoto wa darasa la saba akishindwa.

(Na sisi watumishi tujiangalie. Ukimsimamisha mgonjwa mbele ya kanisa na kumwambia, "Kama una imani, tupa hizo dawa," umetofautiana wapi na yule wa kinara?)

Wazazi, jambo la mkono. Mtoto akikuonyesha kidonda cha namna hii, usianze na mti. Najua hasira inavyokuja. Lakini mtoto anayeogopa kichapo atavaa sweta ya mikono mirefu jua likiwaka, na kidonda kitaoza chini yake. Mtoe kwenye baridi kwanza, osha chumvi, kisha loweka mahali pale kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Yasiwe moto, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi haitamwambia kwamba inaungua. Usimsugue, usimweke karibu na jiko, usipasue malengelenge. Dawa ya meno, unga, mayai na mafuta ya taa viacheni jikoni na kwa duka. Mkimbize hospitali, hasa kama ngozi imekuwa nyeupe au ngumu, imetoa malengelenge, au hasikii ukimgusa. Tutaomba, ndiyo, na tutaombea kwa matatu tukielekea huko.

Na wewe kijana ambaye unasoma hii na mkono uko ndani ya sweta: Jumapili baada ya ibada ya kwanza, mama mchungaji atakuwa katika kile chumba cha nyuma cha Sunday school, pamoja na dada wawili wa hapa kanisani ambao ni wauguzi. Pita mlango wa pembeni. Hakuna atakayekuita mbele, hakuna atakayeuliza ni nani alikuwa anarekodi.