Aondokaye na Abakiye

Kuhama ni tendo moja lenye ladha mbili. Tumaini humvuta mtu mbele, na huzuni humshika nguo kwa nyuma.

Katika Holili, mji mdogo ulio mashariki chini ya mlima Kilimanjaro, jambo hili huonekana kila siku. Barabara itokayo Moshi hupita Himo, hufika hapo, kisha huvuka mpaka kwenda Taveta na Voi. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886, nao ukapita katikati ya watu waliokuwa wakiuziana na kuoana. Hivyo hatua chache hutosha kumfanya mtu mgeni, ilhali mwenzake asafiriye mamia ya maili mpaka Dar es Salaam bado yu katika nchi yake.

Kwa nini watu huondoka? Sababu kubwa i katika kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambamo Mchaga hujenga nyumba, hulisha watoto na huzika wafu wake. Kwa desturi, mwana wa kwanza hupewa fungu lake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Wa katikati hutafuta kwingine, na binti huondoka kwa ndoa. Zamani kwingine kulikuwa mteremko wa pili au tambarare ya chini. Vihamba vilipojaa, na bei ya kahawa ilipoanguka baada ya 1989, kwingine kukawa Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo ya bahari.

Methali husema mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli ikiwa asili yaachwa kwa dharau. Lakini aondokaye ili ardhi isikatwe vipande visivyotosha mgomba mmoja, ameacha nini? Ametoa fungu lake ili asili idumu. Abakiye hula ndizi za kihamba kizima kwa sababu nduguye yu mbali. Si haki, basi, kumwita mtoro, wala kumthamini kwa fedha aletazo tu.

Hata hivyo, aondokaye naye ana deni. Kila Desemba mabasi hujaa watu warudio Moshi na Rombo kwa Krismasi. Nyumba nzuri hufunguliwa, mbuzi huchinjwa, na baada ya Mwaka Mpya milango hufungwa tena. Nani aliyepalilia makaburi, akasafisha mfereji, akamuuguza mama wakati wa masika? Ni aliyebaki. Mgeni wa siku kumi amwamurupo mwenyeji wa siku zote, wema wake hugeuka majivuno.

Mmoja alitoa nafasi yake; mwingine alitoa uhuru wake wa kwenda. Kila mmoja anamwia mwenzake. Uchungu wa kuhama haukomi, wala haifai ukome, kwa kuwa hushuhudia thamani ya kilichoachwa. Utamu wake hauna aibu, ikiwa wauonja wote wawili.

Wachaga hupanda isale mipakani mwa vihamba na penye makaburi, na jani la mmea huo huo hupelekwa kwa mtu kuomba msamaha. Ndugu waliotenganishwa na haja wangefanya vema kupelekeana jani hilo mapema, kabla haja haijazaa chuki.