Sifa na Lawama kwa Hesabu

Kila jumuiya ya watu ina mizani yake ya kupimia tabia za walio ndani yake. Kwa karne nyingi mizani hiyo ilikuwa ulimi. Aliyetenda mema alisifiwa barazani na kisimani. Aliyetenda mabaya alilaumiwa papo hapo, au aliepukwa kimya kimya. Katika zama zetu, watu wanaokutana kwa njia ya intaneti, wasioonana nyuso wala kujuana makwao, wamegeuza ulimi kuwa hesabu. Mtu akiandika jambo, msomaji mmoja humpa alama ya sifa kwa kugusa kidole gumba kinachoelekea juu, na mwingine humpa alama ya lawama kwa kugusa kinachoelekea chini. Alama hizo hujumlishwa, na jumla yake huwekwa kando ya jina la mtu iwe ndiyo heshima yake. Basi swali letu ni hili: je, sifa na lawama zikihesabiwa namna hii huwafanya watu kuwa wema zaidi? Nataka, msomaji, tulipime swali hili pamoja, maana huenda wewe umekwisha kutoa alama kama hizo, na huenda umekwisha kupewa.

Haki yadai tuanze kwa kutaja faida. Kijiji chenye watu 200 hakina haja ya hesabu. Kila mtu humjua mwongo na humjua mwaminifu. Lakini mahali penye watu milioni, hapana ajuaye amwamini nani. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza; ila katika soko lenye kelele nyingi mno, chema chaweza kukaa siku nzima kisipate mnunuzi. Soko la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995 ili watu wasiojuana wauziane vitu kwa mbali, lilikuwa na shida hiyo. Mwaka 1996 likawekewa daftari la wazi, ambamo kila mtu aliweza kutia sifa au lawama za mwenzake baada ya biashara. Daftari hilo lilifanya kazi ya jirani mwenye kumbukumbu. Jina jema likawa mtaji, na mwenye mtaji huogopa kuupoteza. Dereva wa teksi anayeitwa kwa simu jijini Nairobi hupewa nyota na abiria wake kwa kanuni iyo hiyo.

Mfano wa pili ni Stack Overflow, mahali ambapo watungaji wa programu za kompyuta huulizana maswali na kujibizana. Palianzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Jibu likisifiwa na mtu mmoja, mwandishi wake hupata alama 10; likilaumiwa, hupoteza 2. Na anayelilaumu jibu la mwenzake naye hupoteza alama 1 yake mwenyewe. Tena, kwa miaka mingi mgeni hakuruhusiwa kulaumu mpaka achume kwanza alama 125 kwa kazi yake. Tafakari hekima ya kanuni hizi. Lawama imetozwa kodi, na anayetaka kuhukumu hana budi kwanza kulima mahali ambapo wengine wanalima. Kwa njia hiyo jibu la kweli hupanda juu, la makosa hushuka, na mtu mwenye shida hupata msaada hata usiku wa manane.

Hata hivyo, kupanga majibu ni jambo moja, na kutengeneza watu ni jambo lingine. Hapa ndipo mizani inapoanza kulegea.

Kwanza, wengi hawapimi neno lililoandikwa. Hupima hesabu waliyoikuta. Mwaka 2013 watafiti watatu, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, walitoa habari ya jaribio lao katika jarida la Science. Walichukua maoni zaidi ya 100,000 yaliyoandikwa na watu katika intaneti, na baadhi yake, bila kuchagua, wakayatia alama moja ya sifa mara yalipotokea. Alama hiyo moja ya uongo ilifanya jumla ya mwisho ipande kwa asilimia 25 kwa wastani. Maoni yaliyotiwa alama ya lawama hayakuanguka vivyo hivyo, kwa kuwa wasomaji waliofuata waliyainua tena. Lakini sifa ya uongo haikupata wa kuisahihisha. Watu husema wengi wape; kumbe hapa nyuma ya wengi alikuwapo mmoja tu, na waliobaki walifuata nyayo.

Pili, lawama ya hesabu haimrudi mkosaji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichunguza jumuiya nne za wasomaji wa habari katika intaneti. Mtu angedhani kwamba aliyelaumiwa atajirekebisha au atanyamaza. Haikuwa hivyo. Aliyelaumiwa aliandika zaidi kuliko kwanza, akaandika vibaya zaidi, na yeye naye akawa mwepesi wa kuwalaumu wengine. Waliokuwa wepesi wa kuondoka ni wale ambao hapana aliyewajali kwa sifa wala kwa lawama. Ona basi jinsi lawama isiyo na neno inavyosafiri: humwingia mmoja ikiwa uchungu, ikamtoka ikiwa uchungu kwa watatu.

Tatu, palipo na hesabu, hofu na hila haziko mbali. Katika soko la eBay mnunuzi aliyedhulumiwa mara nyingi alinyamaza, kwa kuwa aliogopa muuzaji asije akalipa kisasi kwa kumlaumu naye. Daftari likajaa sifa, lakini sifa nyingine zilikuwa za woga. Mwaka 2008 wakuu wa soko hilo wakawazuia wauzaji wasiwape wanunuzi alama za lawama.

Usidhani kwamba maradhi haya yameletwa na intaneti. Katika mji wa Athens, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Wagiriki walikuwa na desturi ya kuandika juu ya kigae cha chungu jina la mtu waliyetaka aondolewe mjini. Vigae vikifika 6,000, aliyechaguliwa alihamishwa kwa miaka 10, bila kushtakiwa wala kupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 482 kabla ya Kristo alihamishwa Aristides, aliyesifiwa kwa uadilifu. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba siku ile mtu mmoja asiyejua kuandika alimwendea Aristides mwenyewe, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Alipoulizwa amekosewa nini, alijibu kwamba hamjui hata mtu huyo, ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa mwadilifu. Aristides akaandika, akamrudishia kigae chake. Miaka miwili baadaye Waajemi walipokuja na majeshi yao, mji ukamwita arudi.

Tena, mwaka 1937 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta karibu na ngome ya Athens kisima chenye vigae 190 hivi, karibu vyote vimeandikwa jina la Themistocles. Walipouchunguza mwandiko, waliona ni kazi ya mikono 14 tu. Vigae vilikuwa vimetayarishwa na wachache ili wagawiwe wengi. Jambo la namna hiyo liliisumbua YouTube katika siku zetu. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 iliificha hesabu ya lawama isionekane na watazamaji, ikieleza kwamba yako makundi yanayotoa lawama kwa mashambulio ya makusudi. Alama yenyewe haikuondolewa, na mwenye kazi aliachiwa kuiona hesabu yake faraghani. Wazee wetu wangeliyaelewa maamuzi hayo, kwa maana walijua kwamba mtu huonywa chemba, haonywi sokoni.

Sisi walimu tunaijua habari hii kwa wino mwekundu. Mwaka 1988 Ruth Butler alitangaza utafiti alioufanya kwa watoto wa shule katika Israeli. Baadhi yao walirudishiwa kazi zikiwa na maelezo tu, baadhi zikiwa na alama tu, na baadhi zikiwa na vyote viwili. Waliopata maelezo tu ndio waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata, na hamu yao haikupungua. Waliopata vyote viwili hawakufaidi kama wao. Mtu aweza kudhani kwamba neno na tarakimu pamoja vingekuwa bora kuliko kimoja. Kumbe tarakimu hulimeza neno. Mtoto akiona 3 katika 10, hujiuliza yeye ni nani miongoni mwa wenzake; hajiulizi tena kosa liko wapi.

Katika jambo hili ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Alama ya hesabu hufaa inapopima kitu: jibu hili ni la kweli au si la kweli, mzigo ulifika au haukufika. Huharibika inapogeuzwa kuwa kipimo cha mtu, kwa sababu kitu hakioni haya wala hakilipizi kisasi, bali mtu huona haya na hulipiza. Mwaka 2018 wakuu wa Stack Overflow, pamoja na kanuni zao zote za busara, walikiri hadharani kwamba watu wengi, hasa wageni, walipaona hapo kuwa mahali pasipowakaribisha. Majibu yalikuwa yamepangwa vizuri, lakini baadhi ya waliokuja kuuliza walikuwa wamevunjika moyo. Hesabu ilikuwa imetimiza kazi moja, ikashindwa ile nyingine, wala si ajabu, kwani haikuumbwa kwa ajili yake.

Wako watakaosema kwamba basi tuziache lawama zote, tusifu tu au tunyamaze. Shauri hilo silikubali. Uongo usiolaumiwa hustawi, na jumuiya isiyoweza kusema hapana hutawaliwa na wenye makelele. Lawama ni haki, na wakati mwingine ni wajibu. Neno langu ni kwamba lawama iwe na gharama kwa anayeitoa, na gharama iliyo bora ni taabu ya kueleza.

Kwa hiyo, msomaji, kidole chako kitakapoelekea kumshusha mwenzako, jiulize mambo matatu. Je, nimeisoma kazi yake yote, au nimeisoma hesabu iliyo chini yake? Je, ninalaumu neno hili, au nimechoka tu na jina lake kama yule mtu wa Athens? Je, naweza kumwandikia kosa lake kwa sentensi moja atakayoifahamu? Ukiweza, mwandikie, sentensi hiyo ina thamani kuliko vidole mia. Usipoweza, uzuie mkono wako mpaka ujue unachokilaumu.

Na siku utakapolaumiwa wewe, maana siku hiyo haina budi kuja, usihesabu vidole. Tafuta katika kundi zima mtu mmoja aliyekueleza kwa nini, hata kama maelezo yake ni makali, ukae nayo usiku mmoja kabla ya kujibu. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Likiwa neno lake ni la kweli, lirekebishe lako na umshukuru. Likiwa si la kweli, mjibu kwa adabu na sababu. Waliokushusha bila kusema neno hawajakufundisha kitu, basi usiwalipe kwa kumshusha mwingine.