Mtoto Asiyejibu Darasani

Je, mtoto asinziaye darasani, asiyejibu aulizwapo, ni mkaidi? Wako walimu wanaojibu swali hilo kwa fimbo, nayo fimbo haiulizi kitu.

Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulizuka upande wa Lubunga, huko Kisangani, ng'ambo ya mto Kongo. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, maelfu wakakimbia makwao pamoja na watoto wao. Mtoto aliyeyaona hayo aweza kuketi tena mbele ya ubao, lakini usiku hushtuka, na mchana hesabu humpita kama maji ya Tshopo yapitavyo juu ya mawe. Pengine huanza kukojoa kitandani. Hapo wako jamaa ambao, badala ya kumhurumia, humwita mchawi! Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumshitaki mtoto hivyo. Lakini nani ataifikisha sheria hiyo mpaka jikoni?

Yafaa shuleni awepo mtu ambaye kazi yake si kufundisha, bali kuwasikiliza watoto na kufika nyumbani kwao. Huyo hamlazimishi mtoto kusimulia; humwacha achore, acheze, aseme apendapo. Akisikia kwamba mtoto hupigwa au hunyimwa chakula, hana ruhusa ya kuificha siri hiyo, hata akisihiwa. Ila humweleza kwanza mtoto mwenyewe ni nani atakayeambiwa, na kwa nini. Mahali asipokuwapo mtu wa namna hiyo, mwalimu hana budi kuishika kazi yake. Naye aanze kwa kuiweka fimbo chini na kuuliza: «Jana ulilala wapi?»